Kiapo Mezani pa Bishara

Ukumbi wa kungojea wa kliniki ya Daktari Shuaib, mjini Garissa, ulikuwa na milango mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa daktari mwenyewe. Wa pili ulikuwa wa maabara. Wa tatu, ambao zamani ulikuwa wa stoo ya dawa, ulibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: USHAURI. NJOO NA KARATASI ZAKO. Chini yake maneno yaleyale yalirudiwa kwa Kisomali, na chini zaidi mtu asiyejulikana alikuwa ameongeza kwa kalamu ya risasi kwamba humo ndani hamna sindano.

Mtu huyo hakusema uongo. Ndani mlikuwa na meza moja, viti vitatu, feni iliyozunguka ilipotaka, na Bishara Noordin, mwanamke wa miaka hamsini na minane, aliyekuwa karani wa mahakama kwa muda wa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Daktari Shuaib ndiye aliyemwita. Alikuwa amechoka, alisema, kuwaandikia vidonge vya kichwa watu ambao vichwa vyao viliumwa na cheti cha kuzaliwa kilichopotea, au na mume aliyehama bila kutoa talaka. Kila alipowapima aliwakuta wazima, na kila wiki walirudi wakiwa wagonjwa. Basi aliwahamisha panya na makatoni kutoka stoo, akamweka Bishara humo kila Jumanne na kila Alhamisi, tangu saa mbili asubuhi hadi adhana ya adhuhuri.

Watu walichelewa kuielewa kazi hiyo, na wengine hawakukubali kuielewa kabisa. Mzee Kotile, Mborana aliyeletwa mjini na mwanawe kutoka upande wa Wajir pamoja na mbuzi wake sita, alikuwa mmoja wao.

“Dada Bishara, leo pia hakuna sindano?”

“Hakuna, mzee wangu. Leo kuna barua yako ya kumpelekea chifu.”

“Barua itaponya goti?”

“Goti ni la mlango wa kwanza.”

“Mlango wa kwanza amenituma mlango wa tatu!”

“Kwa sababu ulimwambia hupati usingizi tangu jirani yako afunge njia ya mbuzi.”

“Ndiyo. Na mimi nisipolala, goti linauma. Wewe umesoma sana, dada, lakini goti hulijui.”

Bishara alimsomea barua yake yote, mwanzo hadi mwisho, ndipo akamsogezea wino atie dole gumba. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Hakumruhusu mtu yeyote kutia dole katika karatasi ambayo hajasomewa kwa lugha anayoielewa, hata kama mtu huyo alikuwa na haraka, hata kama alikuwa mkali, na hata kama karatasi yenyewe ilikuwa na mistari miwili tu. Aliyeharakisha aliambiwa arudi siku nyingine.

Jumanne moja ya mwezi wa Agosti, Daktari Shuaib aliufungua mlango wa tatu yeye mwenyewe, akamwingiza mwanamke mwembamba aliyejitanda shashi ya rangi ya kahawia, akaweka kipande cha karatasi juu ya meza, kisha akatoka bila neno. Karatasi ilisema: *Ubah Mahat. Moyo mzima. Shinikizo la damu zuri. Damu safi. Mara ya nne mwaka huu. Tafadhali msikilize.*

“Karibu, abaayo,” Bishara alisema, kwa kuwa walikuwa karibu kulingana kwa umri, na neno la dada lilimstahili. “Keti.”

“Sijui kwa nini nimeletwa huku. Mimi ni mgonjwa.”

“Wa nini?”

“Wa moyo. Unadunda kama ngoma ya watu wasio na adabu. Unaanza ghafla, nashindwa kupumua, mikono inaingia baridi. Daktari anasema hauna kitu. Daktari kijana yule. Vyombo vyake vimechoka.”

Bishara hakubishana naye kuhusu vyombo. Alitoa kalenda katika mtoto wa meza, akaitandaza kati yao.

“Nioneshe siku zenyewe.”

“Siku?”

“Siku ulizoshikwa. Moyo hauna kalenda, lakini wewe unayo.”

Ubah aliitazama ile karatasi ya miraba kwa muda. Hakujua kusoma, lakini miezi aliijua kwa mambo yaliyotokea. Mara ya kwanza ilikuwa Januari, siku ambayo Sahara alikwenda kwa chifu kuomba kitambulisho. Mara ya pili ilikuwa Aprili, barua ilipoletwa kusema kwamba alama za vidole vya Sahara zilikwisha kuwamo katika daftari la wakimbizi, kambini Ifo. Mara ya tatu ilikuwa Juni, siku ya kamati ya uhakiki. Wazee walimtaka Sahara ataje ukoo wake, naye akawatajia mababu kumi na wanne, mmoja baada ya mwingine, bila kumeza mate. Wazee walitosheka; mashine haikutosheka. Mzazi wake alipoitwa ili ashuhudie, hakuonekana.

“Nilikuwa kitandani,” Ubah alisema. “Moyo.”

“Na mara ya nne?”

“Ijumaa iliyopita. Sahara amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Wanataka kitambulisho kabla ya Septemba kuanza.”

Bishara alitia alama nne katika kalenda, akaiweka kalamu chini.

“Huyo Sahara ni nani wako?”

Mama anayeulizwa binti yake ni nani wake huwa hahitaji muda wa kufikiri. Ubah aliuhitaji. Feni ilizunguka, ikasimama, ikazunguka tena.

“Ni wangu,” alisema hatimaye. “Nimemzaa mimi. Haki ya Mungu, nimemzaa mimi.”

Bishara hakuwa amemwuliza ni nani aliyemzaa. Alinyanyuka, akaufunga mlango uliokuwa wazi kidogo, akarudi kuketi. Miaka ishirini na sita ya mahakamani ilikuwa imemfundisha kwamba mtu anayejibu swali asiloulizwa amekaribia kusema, na kwamba wakati huo karani mwema hufunga mdomo wake.

Ubah alisema. Alisema akiitazama kalenda, kana kwamba mambo yale yalikuwa yameandikwa humo.

Mwaka ule wa ukame mkubwa, wa elfu mbili na kumi na moja, walikuwa wakiishi nje ya Eldas. Mbuzi walikwisha kwanza, kisha ng'ombe. Mumewe, Abdiwali, aliwachukua ngamia watano waliosalia, akaelekea kaskazini, upande wa Bute, kutafuta malisho, akasema atarudi mvua ikinyesha. Mvua haikunyesha. Ubah alisikia kwamba Ifo hakuna anayelala na njaa, basi akampakia mtoto wake wa pekee, Sahara, mwenye miaka saba, juu ya lori la kuni, wakaenda. Langoni akarudishwa. Alikuwa na kitambulisho cha Kenya, na kambi haikuwa ya Wakenya.

“Ningekitupa,” alisema. “Lakini namba yangu walikuwa wameshaiona.”

Penye lile lango alikutana na Bilan, mwanamke aliyevuka mpaka akitokea ng'ambo, ambaye alikuwa anangoja kuandikishwa siku ya pili yake. Bilan alimtazama Sahara kwa muda mrefu. Kisha akasema: niazime huyu. Nikimwandikisha kuwa wangu, chakula chake kitatoka, nasi tutakigawana. Wewe utaishi nyuma ya hema langu, hakuna atakayekuuliza.

“Usiku ule wote nilimfundisha. Nilimwambia: wakikuuliza mama yako ni yupi, mwoneshe Bilan. Kwa kidole. Usinitazame mimi. Alidhani ni mchezo, akacheka. Asubuhi tukaingia katika hema la kuandikishia, na mimi nikajifanya jirani. Mwandikishaji aliniuliza kwanza mimi. ‘Huyu mtoto ni wako?’ Nikasema si wangu. Alikuwa amelishika gauni langu, abaayo, alikuwa amelishika hivi. Nikamng'oa vidole kimoja kimoja, nikasema si wangu. Kisha wakamwuliza yeye, akamwonesha Bilan. Wakavichukua vidole vyake vilevile, wakavitia katika mashine.”

Walikaa miezi minane. Mvua iliponyesha, Abdiwali alirudi na ngamia watatu, akaikuta familia yake iko Eldas, imenenepa kidogo, naye hakuuliza mengi. Alifariki miaka mitatu iliyopita bila kujua. Bilan hakusikika tena. Kuhusu Sahara, hakujua lolote. Alikuwa mdogo, alisahau. Yeye aliamini kwamba mashine ya serikali ilikosea, na kwa imani hiyo alikuwa amekwisha kuandika malalamiko manne.

“Wapo wengi walioingia katika daftari lile kwa njaa,” Bishara alisema. “Hukuwa peke yako. Wanaokiri wana njia yao. Ni foleni ndefu, na sitakudanganya kwamba inakwenda mbio, lakini ni njia. Anayekana hana njia, kwa sababu vidole havikani. Nenda ukamwambie.”

“Nimwambie kwamba nilimkana? Kwamba nilisimama mbele ya watu nikamkana?”

“Mwambie kwamba alikula.”

Ubah alisimama. “Asijue. Nimekuambia wewe kwa sababu moyo ulikuwa unanipasuka. Ukimwambia, Mungu atakuuliza.”

“Yanayosemwa mezani hapa hayatoki kwa kinywa changu,” Bishara alijibu. “Lakini kinywa unacho na wewe.”

Ubah alitoka shingo upande, na vidonge vyake vya moyo mzima mkononi.

Siku mbili baadaye, Alhamisi, wa kwanza kuingia alikuwa msichana mrefu mwenye faili la plastiki lililojaa karatasi zilizopangwa kwa tarehe. Alisalimu vizuri, akangoja aambiwe aketi.

“Eddo, shangazi yangu, nisamehe. Mimi siumwi.”

“Wengi wa mlango huu hawaumwi. Jina lako?”

“Sahara Abdiwali Ogle.”

Bishara aliandika jina lile polepole kuliko ilivyohitajika.

Msichana alieleza shauri lake kwa ufasaha, bila kutia chumvi, na Bishara, ambaye alikuwa amewasikiliza mawakili wengi wasiojua kufika mwisho wa sentensi, alimpenda kwa hilo. Mashine imekosea. Barua nne hazikujibiwa. Chuo kinamtaka aripoti Septemba. Mtu mmoja ofisini alimshauri ale kiapo, kwani kiapo kina uzito kuliko barua. Basi amekwisha kukitunga mwenyewe. Anachotaka ni eddo akisahihishe, kisha akipeleke kwa wakili kikapigwe mhuri.

Bishara alikisoma. Kilikuwa kimeandikwa kwa mwandiko safi. *Kwamba sijapata kukanyaga Ifo maishani mwangu. Kwamba sijapata kuitwa kwa jina jingine lolote. Kwamba sijapata kuwa, wala kuitwa, mtoto wa mwanamke mwingine yeyote.* Kila sentensi ilikuwa na nukta yake mahali pake. Hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli, na aliyeziandika hakuwa mwongo.

Alizisoma mara ya pili ili apate muda. Kiapo kile kikifika serikalini na kuwekwa kando ya alama za vidole, Sahara atakuwa ameapa uongo, na hata njia ile ya foleni itafungwa mbele yake, pengine pamoja na mlango wa jela nyuma yake. Bishara angeweza kukataa kukisahihisha, lakini kando ya soko walikuwako waandishi wa barua ambao wangekipiga chapa kabla chai haijapoa. Angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha. Alilihisi neno hilo ulimini, akaling'ata. Hakuwa mwanamke wa kuahidi asubuhi na kuvunja adhuhuri, na tena, aliyekuwa na haki ya kulisema neno lile hakuwa yeye.

“Ni nani anayekujua tangu ukiwa na miaka saba?” aliuliza.

“Miaka saba? Mbona saba?”

“Daftari lao linasema uliandikishwa mwaka gani?”

“Elfu mbili na kumi na moja. Ah, ndiyo. Saba.” Sahara alitabasamu. “Basi ni hooyo. Baba amefariki, na sina ndugu.”

“Kiapo cha mtoto juu ya utoto wake hakina miguu. Mtu hawezi kuapa juu ya mambo ya umri ambao haukumbuki vema. Aje mama yako, aape yeye kwanza kwa maneno haya haya, ndipo nawe uape. Jumanne.”

“Hooyo ni mgonjwa wa moyo, eddo. Mambo haya humwumiza. Siku ya kamati aliumwa mpaka nikaogopa.”

“Jumanne,” Bishara alisema. “Kama hawezi kupanda ngazi za kliniki, nitashuka mimi.”

Siku tano zilizofuata hazikumpendeza. Alijiuliza kama alikuwa amelinda siri ya mtu au ameweka mtego kwa kutumia sheria. Masharti aliyompa msichana yalikuwa ya kweli, angempa yeyote. Lakini alijua pia kwamba angempa yeyote kwa sauti ya kawaida, na kwamba siku ile sauti yake haikuwa ya kawaida. Jumatatu alikutana na daktari dukani, akinunua maji.

“Yule mama wa moyo,” Daktari Shuaib aliuliza, “anaendeleaje?”

“Mwulize mwenyewe.”

“Wewe ni jiwe, Bishara.”

“Ndiyo maana ukanipa stoo.”

Jumanne walikuja wote wawili. Ubah alikuwa amejitanda shashi ileile, na alipoketi hakumtazama Bishara usoni bali alitazama kisanduku cha wino kilichokuwa juu ya meza. Sahara alikuwa amemshika mkono.

“Amekubali,” msichana alisema. “Kiapo nimekiandika upya kwa jina lake. Nilimwambia ni dole moja tu, halafu tutarudi nyumbani akapumzike.”

“Leteni tu nitie,” Ubah alisema. Tayari alikuwa amelichovya dole gumba katika wino, amelinyoosha mbele yake kama mtu aliyejikata. “Karatasi iko wapi? Nitie, niende.”

“Nitakusomea kwanza.”

“Sina haja ya kusomewa. Binti yangu amesoma. Kama ameandika yeye, ni sawa.”

“Hapa kila mtu husomewa.”

“Hooyo, mwache asome,” Sahara alisema. “Hata mimi nataka kusikia kama nimekosea.”

Bishara alivaa miwani. Alisoma kwa Kisomali, mstari baada ya mstari, bila kupandisha sauti wala kuishusha, kama alivyosoma mashtaka na mirathi na mikataba ya ardhi kwa miaka mingi. Baada ya kila mstari alinyamaza, akangoja jibu.

“Mimi ni Ubah Mahat, mkaazi wa Garissa.”

“Ndiyo.”

“Kwamba Sahara Abdiwali ni binti yangu wa kumzaa.”

“Kweli!” Ubah alisema kwa nguvu, na Sahara akacheka kidogo.

“Hilo hata jirani anajua, hooyo. Usilipigie kelele.”

“Kwamba sijapata kumpeleka Ifo, wala kuishi naye huko, wakati wowote.”

Ubah alilichovya dole tena katika wino.

“Hooyo, sema ndiyo, aendelee.”

“Aendelee,” Ubah alisema.

“Sikusikia jibu,” Bishara alisema.

“Endelea, nimesema!”

Bishara alimtazama kwa juu ya miwani, kisha akausoma mstari wa nne. “Kwamba sijapata kumkana mtoto wangu huyu, wala kusema mbele ya mtu yeyote kwamba ni mtoto wa mwanamke mwingine.”

Dole gumba lilikuwa bado hewani. Ubah akalifumbata kwa mkono wa pili, wino ukampaka viganja vyote viwili. Ukumbini mtoto wa mtu alilia, akabembelezwa, akanyamaza.

“Futa hilo,” Ubah alisema.

“Lipi?”

“La nne. Futa. Futa na la tatu.”

“Kwa nini yafutwe?” Sahara aligeuka. “Hooyo, hayo ndiyo kiapo chenyewe. Tukiyafuta hakuna kilichobaki.”

“Yafutwe kwa sababu nikiyatilia dole, nitakufa. Nisikilize. Usiniangalie, tazama kule, kisha unisikilize.”

Safari hii hakuitazama kalenda. Ilikuwa imekwisha kuondolewa. Alizungumza akiitazama mikono yake myeusi kwa wino, na hakutumia maneno mengi. Lori la kuni. Lango. Bilan. Usiku wa kufundishwa. Gauni. Alipofika kwenye vidole alivyoving'oa kimoja kimoja, ilimbidi aanze upya, akafika mwisho.

Kwanza Sahara alicheka, kicheko kifupi cha mtu anayedhani anataniwa. Kisha akawatazama wote wawili, akaona kwamba hakuna aliyekuwa akicheka naye.

“Barua nne,” alisema. “Niliandika barua nne, hooyo. Wewe ulikuwa umekaa pale, unaninywesha chai.”

“Ndiyo.”

“Nilisimama mbele ya wazee nikasema mashine ni mwongo.”

“Ndiyo.”

Msichana aliinamisha kichwa, na kwa muda ikaonekana kana kwamba amemaliza. Alipoinua uso, hakuwa akifikiri tena juu ya barua.

“Mwanamke mwenye pengo la mbele,” alisema polepole. “Aliyekuwa akinisuka huku ananiimbia. Mikono yake ilinuka moshi. Nilikuuliza nikiwa darasa la tatu. Ulisema nimeota.”

Ubah aliificha mikono chini ya meza.

“Nilikuuliza tena nikiwa darasa la saba. Nikakuambia kwamba naona mahema meupe, mengi, na kwamba namwona mwanamke yule ananitazama halafu analia. Ukasema: ndoto ya homa. Ulisema nilipata homa nikaota, na ukaapa. Tangu siku ile kila nikikumbuka kitu cha udogoni, najiambia kwamba nimeota. Hata baba. Hata mambo ya baba.”

“Niliogopa.”

“Njaa naielewa,” Sahara alisema. “Hiyo ya Ifo naielewa, hooyo, ningefanya hata mimi. Hii nyingine siielewi.”

Alisimama, akatoka nje, na mlango haukupigwa; ulifungwa taratibu, jambo lililokuwa baya zaidi.

Wanawake wawili walibaki. Ubah alijaribu kujifuta wino kwa pindo la shashi, ukaenea.

“Ulinitegea,” alisema.

“Sikukutegea. Nilikusomea.”

“Ni kitu kimoja.”

“Kwako wewe, leo, pengine ni kimoja,” Bishara alisema. Alimsogezea kitambaa na chupa ya maji. Hakumwambia kwamba amefanya vema, kwa kuwa hakuwa na hakika nalo, na hakuwa na mazoea ya kusema asilokuwa na hakika nalo. “Moyo wako je?”

Ubah aliweka kiganja kifuani, akasikiliza kama anayesikiliza nyumba ya jirani.

“Unadunda,” alisema. “Lakini napumua.”

Robo saa ilipita. Bishara angeweza kumwita mgonjwa mwingine, wala hakumwita. Mlango ulipofunguliwa, Sahara alikuwa amenawa uso. Unyevu ulikuwa bado ukingoni mwa ushungi wake. Hakuketi kando ya mama yake. Alikivuta kiti cha tatu, akakiweka mwisho wa meza, akamwelekea Bishara.

“Nikisema ukweli, chuo?”

“Mwaka huu, kisahau. Nitawaandikia waiweke nafasi yako. Wakikubali ni kheri, wasipokubali utaomba upya. Jina lako litaingia katika orodha ya wanaoomba kuondolewa katika daftari la kambi. Itachukua miezi. Mingapi, sijui, na atakayekuambia anajua, mwulize amejuaje.”

“Na nikitia sahihi ile ya kwanza?”

“Utapata wiki mbili za matumaini. Baada ya hapo vidole vyako vitakushuhudia.”

Sahara alifikiri. Kisha alikitoa kile kiapo chake cha mwandiko safi, akakikunja mara mbili, akakirudisha ndani ya faili, mahali pake kwa tarehe. Akavuta karatasi mpya kutoka rundo la Bishara bila kuomba ruhusa, akafungua kalamu.

“Wataniuliza jina,” alisema, akiwa bado amempa mama yake bega. “Katika daftari lao niliandikwa nani?”

Jambo hilo hata Bishara hakulijua. Siku ile ya kwanza hakulidai.

“Idman,” Ubah alisema.

“Kwa nini Idman?”

“Lilikuwa jina la mtoto wa Bilan. Alifia njiani, kabla hawajafika langoni. Siku tatu kabla. Bilan alikuwa amekwisha kuwaambia watu kwamba anaye mtoto wa kike, akashindwa kuwaambia kwamba hayupo tena.”

Feni ilisimama, na safari hii haikuzunguka tena.

“Alikuwa na miaka mingapi?”

“Sita. Anaingia saba. Kama wewe.”

Sahara aliandika. Aliandika kwa muda mrefu kwa mtu aliyekuwa na jina moja tu la kuandika, kisha akaigeuza karatasi na kumsogezea Bishara aisahihishe. Ilikuwa na sentensi moja: *Mimi, Sahara Abdiwali Ogle, niliandikishwa Ifo nikiwa na miaka saba kwa jina la Idman binti Bilan, ambaye alifariki njiani na ambaye nilikula chakula chake.*

Maneno ya mwisho hayakuhitajika kisheria. Bishara aliyasoma kwa sauti, kwa Kisomali, ili Ubah ayasikie, kisha akaipeleka kalamu yake kwenye mstari wa pili bila kuyagusa.

“Endelea,” alisema. “Kwamba?”